Niliacha chuo, lakini utafiti wa chuo ulinifuata hadi Asumbi

Desemba ya 2011 nilitembea kama bata kwa wiki nzima. Nilikuwa na miaka 13, nimejifunga leso ya nyanya kiunoni, miguu nimeipanua kama mtu aliyetoka kuendesha baiskeli isiyo na kiti. Kila aliyenipita njiani Asumbi alijua nimetoka wapi. Wengine walinipa pole, wengi walicheka. Nyanya aliketi mlangoni akichambua maharagwe, akacheka mpaka akajipangusa machozi.

Babu hakucheka. Yeye alikuwa wa kile kizazi cha Wajaluo waliong'olewa meno sita ya chini ili wahesabiwe kuwa watu wazima. Aliniangalia nikijikongoja hadi kwenye kivuli, akaniita, akafungua mdomo na kunionyesha pengo. "Sisi walitung'oa hapa juu," akasema. "Nyinyi wanawakata huko chini. Kila kizazi na hasara yake."

Sikuwa na jibu. Nilichojua ni kwamba watu wa afya walikuja likizo, wakaweka mahema, vijana wenzangu wakaenda nami nikaenda. Kwamba kitambaa kile cha plasta nilichovaa kilianzia kwa maprofesa watatu, vyuo vikuu vitatu na mabara mawili, hayo niliyajua miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaacha chuo mwenyewe.

Ndiyo, niliacha. Mwaka wa pili, muhula wa pili. Karo ilinishinda, mkopo ukachelewa, na kusema kweli hata moyo ulikuwa umetoka. Sasa naishi Umoja, Nairobi, naandika vitu mtandaoni na kuhariri video za watu wa harusi. Nikisikia neno "utafiti" huwa naona makaratasi yaliyofungwa kwa jalada jeusi yakila vumbi kabatini. Wengi wa rika langu wanaona hivyo. Ndiyo maana nilinyamaza mwaka huu niliporudi Asumbi na kukuta ubishi kwenye steji ya bodaboda.

Unajua steji za kwetu. Asumbi si mji mkubwa: kuna misheni ya Kikatoliki, shule ya wasichana, chuo cha walimu, maduka, na vijana juu ya pikipiki wakisubiri mteja na kuchambua siasa ya dunia. Jamaa mmoja alikuwa anasema hivi: "Hawa watu wa chuo wanakula pesa ya serikali kufanya research. Research ya nini? Imewahi kukuletea nini wewe?"

Binamu yangu, ambaye pia ni mwendesha boda, alikuwa ameegemea pikipiki yake. Ana miaka 31. Akasema polepole, "Omera, hiyo research unayoitukana, unatembea nayo ndani ya suruali."

Steji ikaanguka kwa kicheko. Lakini binamu hakuwa anatania, na baadaye jioni ndipo aliponiambia kwa nini.

Acha nianze na research yenyewe, maana hadithi yake ni tamu kuliko nilivyodhani.

Tangu 1980, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada vilikuwa vikishirikiana kuchunguza magonjwa ya zinaa jijini Nairobi. Ukimwi ulipoingia, hao ndio waliokuwa tayari na kliniki, maabara na wagonjwa waliowaamini. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha kazi yao: kati ya wanaume waliofika kliniki wakiwa na ugonjwa wa zinaa, wale ambao hawajatahiriwa waliambukizwa virusi zaidi kuliko waliotahiriwa. Na ukiangalia ramani ya Kenya, jambo lile lile lilikutazama usoni. Huku kwetu, ambako jadi yetu haina jando, virusi vilikuwa vimetapakaa. Ng'ambo kidogo tu, kwa Abagusii, ambao kijana hutahiriwa mapema, hali haikuwa hivyo.

Wewe na mimi tungesema basi, kesi imekwisha, leteni kisu. Mtafiti hasemi hivyo, na hapa ndipo nilipoanza kuwaheshimu. Anauliza: je, ni govi, au ni kitu kingine kinachotembea pamoja na govi? Mwislamu ametahiriwa, lakini pia pengine hanywi pombe. Mjaluo hajatahiriwa, lakini pia yuko ufuoni mwa ziwa, kwenye biashara ya samaki, barabara kuu, na jamaa wanaohama kutafuta kazi. Utajuaje ni kipi?

Njia ni moja. Chukua watu wanaofanana, kabila moja, mji mmoja, umri mmoja, halafu piga kura. Huyu atahiriwe leo, huyu angoje miaka miwili. Kisha wafuatilie wote kwa makini.

Walifanyia Kisumu. Kuanzia 2002, timu ya Robert Bailey wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Chicago, Stephen Moses wa Manitoba na Jeckoniah Ndinya-Achola wa Chuo Kikuu cha Nairobi iliandikisha vijana 2,784 wa kati ya miaka 18 na 24. Wote walikuwa hawana virusi, wote walikubali wenyewe. Kura ikawagawa: 1,391 wakatahiriwa mara moja, 1,393 wakangoja. Wote wakapewa ushauri na kondomu bure, na wale wa kungoja wakaahidiwa huduma ile ile mwishoni.

Hebu fikiria hao vijana. Ni Wajaluo wa Kisumu, wengine baba zao wangewafukuza nyumbani wangejua. Wanarudi kliniki kupimwa damu tena na tena, wanajibu maswali ya aibu kuhusu wamelala na nani. Majina yao hayako kwenye kitabu chochote utakachosoma. Maprofesa wana tuzo. Hao 2,784 wana kovu.

Tarehe 12 Desemba 2006 jaribio likasimamishwa kabla ya muda. Halikuwa limeharibika. Kulikuwa na bodi huru iliyokuwa ikichungulia takwimu njiani, na bodi hiyo iliona kwamba tofauti kati ya makundi mawili imekuwa kubwa mno. Kuendelea kuwangojesha wengine kungekuwa ni dhambi. Kwenye kundi lililongoja, 47 walikuwa wameambukizwa. Kwenye kundi lililotahiriwa, 22.

Shika hizo namba mbili. Tutarudi kwazo.

Siku hiyo hiyo jaribio la pili lilisimamishwa, la Rakai nchini Uganda, lenye wanaume karibu 5,000, la watafiti wa Makerere na Johns Hopkins. Jibu lilikuwa lile lile. La tatu, la Orange Farm, Afrika Kusini, lilikuwa limeshatoka 2005, nalo likasema hivyo hivyo. Ukiweka zote pamoja, tohara inapunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa kati ya nusu na asilimia 60.

Sababu si uchawi. Ngozi ya ndani ya govi ni laini na ina wingi wa zile seli za kinga ambazo virusi hupenda kujishikiza. Ukiiondoa, umepunguza milango. Umepunguza, hukuifunga.

Sasa tazama kasi. Majibu ya Kisumu na Rakai yalichapishwa Lancet Februari 2007. Mwezi uliofuata, Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNAIDS waliita wataalamu huko Montreux, Uswisi, na kabla Machi haijaisha wakatoa pendekezo: nchi zenye virusi vingi na tohara chache zianze kutoa tohara ya hiari kama kinga. Kufikia mwisho wa 2019, takriban wanaume milioni 27 katika nchi 15 za mashariki na kusini mwa Afrika walikuwa wametahiriwa chini ya mpango huo. Mozambique, Zambia, Malawi, Tanzania, kote huko. Kijana wa Iringa aliyelala kwenye kitanda cha kliniki hajui kwamba amelazwa hapo kwa kura iliyopigwa Kisumu.

Lakini karatasi ya Uswisi haitembei yenyewe hadi Asumbi. Kuna wazee, na kuna siasa.

Nchini Kenya, govi si ngozi tu. Ni tusi. Wanasiasa wetu wamekuwa wakiitwa wavulana majukwaani kwa sababu hawajapita jandoni, na wapigakura wakapiga makofi. Mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, kuna wanaume Wajaluo waliokamatwa na magenge Nakuru na Naivasha na kukatwa kwa nguvu. Mambo hayo yalifika hadi kwenye faili za mahakama ya ICC. Halafu mwaka huo huo serikali inakuja Nyanza na kusema: karibuni tuwatahiri, ni kwa afya yenu. Wewe ungeamini?

Baraza la wazee wa Kijaluo lilipinga mwanzoni. Walisema hii ni kutumezwa, ni kumaliza utambulisho wetu. Mimi siwalaumu, na naona waliowacheka wakati ule hawakusikiliza. Kilichosaidia ni mambo mawili. Kwanza, Raila Odinga, wakati huo Waziri Mkuu, pamoja na wanasiasa wengine wa Nyanza, walijitokeza hadharani wakaunga mkono. Pili, mpango ulipewa jina la kitabibu, tohara ya hiari ya wanaume, ukaondolewa kila kitu cha jando: hakuna nyimbo, hakuna msitu, hakuna "sasa wewe ni mwanamume kamili". Ni kama kuchanjwa. Babu hakukubali kamwe, lakini alinyamaza, na kwa mzee wa Kijaluo kunyamaza ni aina ya ruhusa.

Huduma zilianza kutolewa kwa wingi mwishoni mwa 2008. Mwaka uliofuata ilifanyika kampeni ya siku 30 Nyanza, watu zaidi ya 36,000 wakatahiriwa. Madaktari wangetosha wapi? Hawakutosha. Ilibidi kazi wapewe matabibu na wauguzi, na hata hilo lilichunguzwa kwanza kama ni salama kabla ya kuwa sera.

Na hapa Homa Bay penyewe tuna letu la kujivunia ambalo sijawahi kusikia mbunge yeyote akilitaja. Kuna kifaa kinaitwa Shang Ring, pete mbili za plastiki zilizobuniwa Uchina, zinazofanya tohara bila kushona nyuzi. Mojawapo ya majaribio ya kwanza ya kifaa hicho barani Afrika lilifanyiwa katika hospitali ya wilaya ya Homa Bay, kwa wanaume 40 tu, likiwahusisha watafiti wa chuo cha utabibu cha Weill Cornell cha New York. Mwaka 2015 WHO ikakiidhinisha. Wanaume 40 wa Homa Bay, halafu dunia.

Si tohara peke yake, kwa kweli. Chanjo ya malaria, RTS,S, ilizinduliwa nchini katika kaunti hii hii Septemba 2019 kama majaribio ya matumizi, pamoja na Malawi na Ghana. Yale yaliyoonekana kwa watoto wetu yalikuwa sehemu ya sababu iliyofanya WHO Oktoba 2021 iipendekeze kwa watoto wa Afrika wanaoishi kwenye malaria. Na zile tembe za kuzuia maambukizi, PrEP, ushahidi wake mkubwa mmoja ulitoka kwa wanandoa wa Kenya na Uganda, Kisumu ikiwemo, chini ya Chuo Kikuu cha Washington. Ukanda huu umechomwa sindano nyingi kwa niaba ya ulimwengu. Tuna sababu mbaya ya kuwa muhimu: magonjwa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta karibu watu wazima 20 kati ya 100 Homa Bay wanaishi na virusi, wakati nchi nzima ni karibu 5.

Sasa turudi kwa binamu.

Jioni ile tulikaa nyuma ya nyumba, giza linaingia, yeye akiipangusa pikipiki matope. Aliniambia kitu ambacho mimi, ndugu yake, sikujua. Alitahiriwa 2010, akiwa na miaka 16, kwenye kampeni kama ile iliyonipitia mimi. 2018 alipimwa akakutwa na virusi. Anatumia dawa mpaka leo, na vipimo vyake vya hivi karibuni havioni virusi kwenye damu, kwa hiyo hawezi kumwambukiza mkewe. Yuko fiti kuniliko.

"Kilichoniuma si kuugua," akaniambia. "Ni kwamba mimi nilidhani nilishamaliza. Nilikuwa na kondomu ya ngozi. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaiita."

Nikamuuliza kama mshauri hakuwaambia. Akasema, "Alisema. Alisema asilimia 60. Sasa wewe mwambie kijana wa miaka 16 asilimia 60, halafu umwangalie. Shuleni 60 ni kupita mtihani."

Nilikaa nalo hilo usiku kucha. Utafiti ulikuwa sahihi na sera ilikuwa sahihi. Mshauri pia alisema maneno sahihi. Lakini mahali fulani kati ya Lancet na hema la Asumbi, "inapunguza" iligeuka "inazuia", na hakuna aliyeona ikigeuka. Mabango yalikuwa na picha za vijana wanaotabasamu. Wasichana nao waliambiwa wapende waliotahiriwa, wakati jaribio jingine la Rakai, lililochapishwa 2009, lilikuwa limeonyesha kwamba kumtahiri mwanamume ambaye tayari ana virusi hakumkingi mwenzake. Hiyo nayo ni utafiti. Ila haina bango.

Nilimfungulia simu nikamwonyesha zile namba za Kisumu. 47 kwa wasiotahiriwa, 22 kwa waliotahiriwa. Akaziangalia muda mrefu, mwanga wa simu ukimpiga usoni.

"Hawa 22," akasema. "Walikatwa na bado wakapata."

"Ndiyo."

"Basi mimi niko na hawa. Sikuwa Kisumu, lakini niko na hawa."

Ningekuwa na mamlaka, hiyo 22 ingeandikwa kwa rangi kwenye mlango wa kila kliniki ya tohara, pembeni ya 47. Asilimia ni lugha ya watu waliomaliza chuo. Mimi sikumaliza, na binamu hakuanza, lakini wote wawili tulizielewa 47 na 22 kwa sekunde.

Kuna makosa mengine ambayo yalirekebishwa, na ni haki niyaseme. Mimi nilikuwa na miaka 13. Mwongozo mpya wa WHO wa 2020 unalenga walio na miaka 15 kwenda juu, kwa sababu takwimu zilionyesha watoto wadogo wanapata madhara zaidi, na pia kwa sababu mtoto wa umri huo anakubali vipi kitu asichokielewa? Mimi nilikubali kwa sababu marafiki walienda. Kwa hiyo hata jinsi nilivyofanyiwa imekuwa data ya kuwasaidia wanaonifuata. Sijui kama nijivune au nikasirike.

Halafu kuna pesa. Sehemu kubwa ya mpango huu ililipwa na Marekani kupitia PEPFAR. Januari 2025 serikali yao iliposimamisha misaada ya nje, dawa za walio na virusi zilipewa ruhusa ya dharura baadaye, lakini tohara haikuwemo kwenye ruhusa hiyo. Kinga ilionekana kitu cha kungoja. Kwenye steji wanaliona hilo vizuri kuliko wachambuzi wa televisheni. Yule jamaa aliyeuliza "research imekuletea nini" aliniambia kesho yake kwamba mdogo wake amefikisha miaka 16, anataka kwenda, na hakuna hema mwaka huu. Ameambiwa aende hospitalini apange foleni. Nilimwambia aende naye, afuatane naye hadi ndani, na amwambie hizo namba mbili kabla hajavua nguo. Na akitoka asikae na msichana kwa wiki sita mpaka kidonda kipone kabisa, kwa sababu kidonda kibichi ni mlango ulio wazi kuliko ule uliofungwa.

"Wewe umejuaje haya yote na ulitoroka chuo?" akaniuliza.

Rongo kuna chuo kikuu siku hizi. Homa Bay kuna kingine, kimepewa jina la Tom Mboya. Nilipokuwa na miaka 13 hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kimepewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Natamani mmoja wa wanafunzi wa huko afanye utafiti mdogo tu usio na maabara: aende steji kumi, awaulize vijana waliotahiriwa wanadhani wamekingwa kiasi gani. Aandike majibu. Kisha ayarudishe steji, kwa Dholuo, kabla ya kuyapeleka Geneva.

Siku ya kuondoka, binamu alinibeba hadi kwenye gari. Hakunidai nauli, nikamtilia mafuta. Ilikuwa karibu saa tatu asubuhi. Kabla sijapanda, alisimama, akatoa chupa ndogo kwenye mfuko wa koti la mvua, akameza kidonge chake kwa soda yangu, akanirudishia chupa ya soda ikiwa nusu.

"Jina langu usiweke," akasema. "Namba weka."